Namna ninavyoendesha kundi la Kiswahili kwa WhatsApp

Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima, walimu wenzangu hapa Mbale hunijia wakitaka kujifunza. Kukutana kila siku hatuwezi, basi tunasomea kwenye simu. Facebook ilifungwa nchini Januari 2021, na kupita kwa VPN, yaani programu ya kukwepa kizuizi hicho, kunakula bando, kwa hiyo natumia WhatsApp.

Hatua ya 1. Chukua watu sita. Kundi linaweza kubeba watu 1,024, lakini wakiwa wengi wawili watatu ndio huongea na waliobaki husoma kimya.

Hatua ya 2. Kila mmoja azime upakuaji wa picha na video unaojiendesha. Tangu Julai 2021 tunakatwa kodi ya asilimia 12 kwenye bando. Salamu za kusambazwa zisiletwe humu.

Hatua ya 3. Jumatatu tuma swali ambalo mtu mmoja hawezi kulimaliza. Hapa ndipo makundi mengi hufa. Ukiuliza "ngeli ya KI-VI ni nini?", wa kwanza akijibu, mazungumzo yamekwisha. Mimi huomba kila mtu alete kitu cha nyumbani kinachoanza na ki-, akitungie sentensi mbili, umoja na wingi, kwa sauti isiyozidi dakika moja. Sauti ni lazima, maana darasani atazungumza.

Siku moja lilikuja neno kiboko. Mmoja alikusudia mnyama, mwingine mjeledi, na mkulima wetu kahawa iliyokaushwa na maganda yake. Je, tuseme "kiboko mkubwa amelala" au "kiboko kikubwa kimelala"? Walibishana hadi usiku, wakagundua wenyewe kwamba mnyama huchukua upatanisho wa A-WA ingawa jina lake lina sura ya KI-VI. Nisingeweza kuwafundisha vizuri zaidi ya hapo.

Hatua ya 4. Kosa likitokea, nyamaza mpaka jioni. Mwenzake amsahihishe kwa kuujibu ujumbe uleule, ili sahihisho lishikamane na kosa. Ukiwahi wewe, wote watakungoja kila mara.

Hatua ya 5. Kwa zamu, mmoja akusanye sentensi zilizokubaliwa kwenye hati ya pamoja ya Google, kisha Ijumaa abandike kiungo chake juu ya kundi.

Juma la saba, mwachie mwingine swali la Jumatatu, nawe ujibu kwa sauti kama wengine.