Kurasimisha mtaa Kigoma Ujiji: barabara kwanza, bikoni baadaye

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaifanya halmashauri ya manispaa kuwa mamlaka ya upangaji katika eneo lake. Kwenye mitaa iliyokwisha kujengwa kiholela, upangaji huo huja kwa njia ya urasimishaji, yaani kupanga, kupima na kumilikisha viwanja watu wakiwa tayari wanaishi humo. Mkutano wa mtaa huchagua kamati. Wekeni humo wazee wanaojua nani alimuuzia nani.

Kazi ngumu ni barabara, na msisubiri mchoro wa mpangilio wa mtaa utoke ofisini. Kamati, mtendaji wa mtaa, afisa mipango miji na mpima ardhi watembee njia nzima na futi ya mkanda. Njia ya mita 2 ikitakiwa kuwa ya mita 6, pimeni mita 3 kila upande kutoka katikati, pigilieni vigingi, mwenye uzio aone papo hapo anapoteza nini. Kona ya nyumba ikiingia barabarani, pindisheni barabara kuelekea ua mtupu. Kubomoa chumba kunaleta madai ya fidia, na hapo ndipo miradi mingi hulala. Msishuke chini ya mita 4, la sivyo gari la zimamoto na la kunyonya vyoo yatabaki barabara kuu. Picha ya setilaiti isiwadanganye: inaonyesha bati, haionyeshi ukuta wala shimo la choo.

Kwenye miteremko barabara izunguke kilima, isikipande wima. Korongo liachiwe maji, hata kama mtu kapanda mihogo humo. Kando ya Ziwa Tanganyika, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Viwanja vikichorwa humo, mtarudishiwa mchoro.

Baada ya hapo jazeni madodoso ya kila kiwanja, bandikeni rasimu ya mchoro ofisi ya mtaa, pokeeni pingamizi, ndipo iende vikao vya halmashauri na kuombewa idhini. Bikoni, yaani alama za kudumu za mipaka ya viwanja, zisimikwe mchoro ukishapita. Ramani ya upimaji nayo huidhinishwa peke yake kabla ya hati za kumiliki ardhi kuandaliwa.

Kiwanja chenye mgogoro kiwekeni kando, kisizuie mtaa mzima. Cha marehemu kinahitaji msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Familia zianze mapema, maana hati haitoki kwa jina la aliyefariki. Michango ya wakazi kwa kazi hii ipitie benki, mjumbe wa kamati asipokee taslimu.