Kupanga ugumu wa springi za nyuma kwa gari la mbio za vumbi

Springi ngumu za nyuma huutupa mkia nje ya kona, laini huushikisha. Kwenye kona uzito huhamia matairi ya nje, na kiasi chote kinachohama hutegemea mwendo, upana wa gari na kimo cha uzito wake. Springi hugawa tu: mbele ibebe ngapi, nyuma ngapi. Ukikaza nyuma, mzigo zaidi huliangukia tairi la nyuma la nje, na tairi lililolemewa haliongezi mshiko kwa kadiri ya mzigo lililotwishwa. Mshiko linaoupata la nje haufidii ule linaoupoteza la ndani.

Tahadhari kwa wanaosoma miongozo ya Marekani: mingi ni ya viwanja vya duara ambako gari hukata kushoto tu, ndiyo maana springi ya kulia na ya kushoto hutofautiana. Otokrosi, yaani mbio hizi za vumbi, ina kona za pande zote mbili. Weka springi mbili zinazolingana.

Hatua ya 1: Pima ulichonacho

Usiamini rangi wala namba iliyochorwa kwenye springi ya mtumba. Egesha sakafu ya saruji iliyo sawa, weka kabari magurudumu ya mbele, shusha hendibreki (ikikaza, nyuma haishuki huru), jaza upepo sawasawa. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Sasa weka mifuko 2 ya saruji ya kilo 50. Ifunge nailoni vumbi lisiingie garini. Iweke juu ya ekseli kabisa: ikisogea nyuma yake, hesabu inaharibika. Tikisa bodi, liache litulie, pima tena.

Kila gurudumu limeongezewa kilo 50. Bodi likishuka milimita 25, ugumu ni kilo 2 kwa milimita. Namba hii ni ya gurudumuni, ndiyo inayohusika. Springi yenyewe huwa ngumu kuliko namba hii ikiwa imekaa kwenye mkono wa sasipensheni, ndani kuliko gurudumu.

Hatua ya 2: Tafuta stopa kabla ya kununua chochote

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Funga kamba ya plastiki ya nyaya kwenye fimbo ya shokabu, isukume hadi chini, kimbiza gari mizunguko michache. Kamba ikisukumwa mpaka kwenye raba ya stopa (inayozuia sasipensheni isibonyee zaidi), springi imefika mwisho wake katikati ya kona. Ikigusa raba, nyuma hugeuka ngumu ghafla na mkia unaruka. Dereva atasema "springi ngumu mno", fundi ataweka laini zaidi, na tatizo litazidi. Dawa ni springi ngumu kidogo, au kuinua gari kidogo.

Hatua ya 3: Sikiliza mkia unatoka lini

Unatoka taratibu katikati ya kona, mguu umetulia kwenye mafuta: nyuma ni ngumu ukilinganisha na mbele. Unatoka unapofunga breki tu: angalia mgao wa breki na shokabu kwanza, springi baadaye. Gari la kusukumwa na nyuma likizungusha gurudumu la ndani wakati wa kutoka kwenye kona, legeza nyuma. Pua ikikataa kukata, kaza nyuma au legeza mbele. Gari la kuvutwa na mbele hupenda nyuma ngumu. Likiinua gurudumu la nyuma la ndani, si ugonjwa.

Hatua ya 4: Badilisha kidogo, kitu kimoja

Asilimia 10 hadi 15 kwa mara moja. Kipimo cha waya hudanganya macho: ugumu hupanda kwa kipeo cha nne cha unene, kwa hiyo kutoka milimita 12 hadi 13, mengine yakibaki vilevile, ni takriban asilimia 38. Kwangua kutu na rangi kabla ya kuweka kalipa ya kupimia unene.

Kukata springi huifanya ngumu zaidi: mizunguko 6 inayofanya kazi ikibaki 5, ugumu hupanda asilimia 20, na gari hushuka karibu na stopa. Ukilazimika, tumia grainda. Moto wa gesi huua ukali wa chuma. Baada ya kukaza, shokabu chakavu hazitaimudu springi na nyuma itaruka-ruka.

Hatua ya 5: Fuata ardhi

Masika, Aprili na Mei, udongo unyevu unashika na gari hulala sana; ngumu kidogo hufaa. Kaskazi, vumbi juu ya ardhi kavu: laini. Penye mashimo, laini pia, mradi stopa haiguswi.

Kabla ya kila mashindano, kagua mzunguko wa chini kabisa. Matope hukaa kwenye kikombe cha springi, chumvi ya hewa ya pwani inafanya kazi chini yake, na ufa huanzia pale rangi iliposuguliwa. Yenye vishimo vya kutu, tupa, hata ikipima vizuri.