Kupanga pedali ya korasi kwenye gita la umeme

Korasi tunayoizungumzia hapa si kiitikio cha wimbo. Ni ile sauti ya gita moja kusikika kama magita mawili yanayopiga noti zilezile. Ndani ya pedali sauti hugawanywa njia mbili. Ya kwanza hupita kama ilivyo. Ya pili hucheleweshwa kidogo, mara nyingi milisekunde 5 hadi 25, na ucheleweshaji huo hautulii: hurefuka na kufupika bila kukoma. Unapofupika noti hupanda kidogo, unaporefuka hushuka. Njia hizo zikikutana tena, sikio husikia wapigaji wawili. Ukiiondoa njia ya kwanza, korasi inapotea na kinabaki kiyumbo cha noti tupu, yaani vibrato.

Tuni gita kwanza, pedali ikiwa imezimwa. Korasi huyumbisha noti, kwa hiyo uzi uliolegea kidogo utasikika vibaya zaidi. Kisha weka amplifaya kwenye sauti safi na uanze hivi: Rate, yaani kasi, robo ya mzunguko, Depth, yaani kina, karibu nusu, Mix, yaani mchanganyiko wa njia zile mbili, kama ipo, nusu kwa nusu. Piga nyuzi moja moja polepole, uziache zilie.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kasi na kina hazipangwi kila moja kivyake, kwa sababu kuyumba kwa noti hutokana na zote mbili zikizidishwa. Chukua ucheleweshaji unaoyumba milisekunde 2 kila upande. Kwa kasi ya mara 0.8 kwa sekunde, noti huyumba takriban senti 17 (nusu toni nzima ina senti 100), na inapendeza. Pandisha kasi hadi mara 5 kwa sekunde bila kugusa kina, na noti itayumba zaidi ya nusu toni. Hapo gita linasikika kama kaseti iliyokwama. Kwa hiyo kila unapopandisha kasi, shusha kina. Ukitaka sauti ya spika inayozunguka, weka kasi mara 5 au 6 kwa sekunde na kina kidogo sana. Kwa wimbo wa taratibu fanya kinyume chake.

Ukitumia distosheni, yaani sauti ya gita iliyokwaruzwa, weka korasi baada yake. Ikitangulia, distosheni huzikoroga zile njia mbili na mawimbi hugeuka matope, hasa ukipiga nyuzi nyingi kwa pamoja. Kama distosheni inatoka kwenye amplifaya yenyewe, peleka korasi kwenye matundu ya Send (kutoa sauti) na Return (kuirudisha) nyuma ya amplifaya. Mwangwi na riveabu, yaani mvumo kama wa ukumbi, zifuate baada ya korasi.

Pedali za analogi hutumia chipu ambayo sampuli za sauti hupokezana ndani yake hatua kwa hatua, kama watu waliojipanga mstari wakipokezana ndoo za maji. Chipu ya hatua 1024 ikitakiwa kuchelewesha milisekunde 10, saa yake, yaani mdundo unaosukuma sampuli mbele, huenda mara 51,200 kwa sekunde. Kwa milisekunde 25 hushuka hadi kama 20,500, karibu kabisa na mpaka wa usikivu wa binadamu. Ndiyo sababu pedali hizo huchuja sauti ya juu, na korasi ya analogi huwa na uvuguvugu ambao binafsi naupenda kuliko ule ung'avu wa dijitali.

Stereo ndiyo raha yenyewe. Amplifaya ya Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975, hupeleka sauti kavu, yaani isiyoguswa, spika moja na iliyoyumbishwa spika nyingine, zikachanganyikia hewani. Mwaka uliofuata sakiti hiyo iliwekwa kwenye pedali, Boss CE-1. Ukiwa na amplifaya mbili, ziweke mbali kidogo. Lakini angalia: baadhi ya pedali hugeuza wimbi la korasi kwenye tundu la pili. Fundi wa sauti akiunganisha matundu hayo mawili kuwa mono, korasi hujifuta yenyewe na hubaki gita kavu. Kwenye mono tumia tundu moja tu.

Sauti nzito ikififia unapowasha pedali, punguza Mix au kina, maana njia mbili zinapopishana baadhi ya mawimbi hufutana. Kwa gita la besi, tafuta pedali inayoacha sauti za chini zipite bila kuguswa. Mlio mwembamba kama wa mbu mara nyingi hutoka kwenye umeme: pedali ya dijitali na ya analogi zinachangia adapta moja. Tenganisha adapta zao. Pedali nyingi hutaka volti 9 zenye hasi katikati. Soma maandishi kabla ya kuchomeka, kwani kugeuza hasi na chanya kunaweza kuunguza sakiti. Na kama unatumia betri, chomoa waya wa gita ukimaliza, kwa sababu jeki iliyomo kwenye tundu la kuingilia ndiyo inayowasha sakiti, hata taa ikiwa imezimika.