Namna ya Kuusoma Utafiti wa Mikakati ya Kijeshi na Tisho la Nyuklia

Mwenye nyumba wa Mwanakwerekwe aliyepanga vipande vya chupa juu ya ukuta wake, na asiibiwe kwa miaka kumi, atakwambia kwamba vipande hivyo ndivyo vilivyomlinda. Huenda ni kweli. Huenda pia hakuna mwizi aliyewahi kuitamani nyumba hiyo, au aliyeitamani alimhofia mbwa wa jirani. Utafiti kuhusu namna dola moja inavyoitia hofu nyingine kwa silaha za nyuklia ili isithubutu kushambulia una shida hiyo hiyo ya ukuta, kwa kuwa unaeleza sababu ya jambo ambalo halikutokea. Mwanafunzi anayeusoma na aiweke shida hiyo mbele yake tangu ukurasa wa kwanza, kwa sababu msomi mwenyewe, baada ya kuitaja katika utangulizi, mara nyingi huisahau anapofika kwenye hitimisho.

Kwanza amua neno. Kitenzi “kuzuia” peke yake ni kipana mno, kwani tunazuia maji yasiingie ndani na tunazuia mtoto asitoke barabarani, wala hakuna hofu yoyote ya kulipizwa hapo. Mimi huandika “uzuiaji kwa tisho”, na nikishalichagua silibadilishi hadi mwisho wa daftari. Kiswahili kina msaada mwingine hapa: tunaposema fulani anatishia nyau, tunamaanisha kwamba tisho lake halina nguvu nyuma yake au halina nia ya kulitimiza, na hayo ndiyo mambo mawili ambayo wasomi hawa hubishania kila siku.

Kisha tazama ni uzuiaji wa aina gani unaozungumziwa. Chupa juu ya ukuta humnyima mwizi njia, ilhali mbwa aliyefunguliwa usiku humwahidi maumivu. Silaha za nyuklia ziko zaidi upande wa mbwa. Bernard Brodie, msomi Mmarekani wa mikakati ya vita, alieleza mapema, mwaka 1946, kwamba kazi kuu ya majeshi tangu hapo ingekuwa kuepusha vita badala ya kuvishinda, na mwishoni mwa miaka ya 1950 Mmarekani mwenzake, Albert Wohlstetter, akaongeza sharti gumu: tisho halifai kitu iwapo adui anaweza kuziangamiza silaha zako kwa pigo lake la kwanza. Ndiyo sababu mataifa makubwa yakaficha makombora ndani ya nyambizi. Ukimkuta mwandishi anahesabu vichwa vya nyuklia, yaani mabomu yanayobebwa na makombora, bila kuuliza ni vingapi vitakavyosalia baada ya kushambuliwa, weka alama ya kuuliza pembeni. Weka alama nyingine unapoona kwamba Brodie, Wohlstetter na Thomas Schelling, msomi mwingine wa fani hii, wote walifanya kazi na shirika la utafiti la RAND, lililoanzishwa kwa ajili ya Jeshi la Anga la Marekani. Hilo haliwafanyi kuwa waongo, lakini linaeleza kwa nini maswali yao ni yale anayojiuliza mwenye bomu, na kwa nadra ni ya yule atakayeangukiwa nalo.

Hatua inayohitaji muda mrefu kuliko zote ni kupima ushahidi, na hapo tarehe ni muhimu kuliko jina la mwandishi. Chukua mgogoro wa makombora ya Kyuba wa Oktoba 1962, Marekani ilipoitaka Urusi ya Kisovyeti iyaondoe makombora yake ya nyuklia kisiwani humo. Anayesoma utafiti wa miaka ya 1970 ataambiwa kwamba Rais Kennedy wa Marekani alisimama imara, Khrushchev, kiongozi wa Kisovyeti, akarudi nyuma, na tisho likafanya kazi yake. Baadaye mambo yalifunguka. Ikathibitika kwamba Marekani iliahidi kwa siri kuyaondoa makombora yake ya Jupiter nchini Uturuki, kwa hiyo palikuwa na maafikiano pamoja na tisho. Katika mkutano wa Havana wa mwaka 1992 ikajulikana kwamba vichwa vidogo vya nyuklia vya kutumika vitani vilikuwa vimeshafika kisiwani, na kwamba askari wa Kisovyeti walikuwa zaidi ya 40,000, wakati Wamarekani walikuwa wamekadiria takriban 10,000. Mwaka 2002 kikatangazwa kisa cha nyambizi ya Kisovyeti B-59, iliyokuwa na topido (kombora la majini) ya nyuklia tarehe 27 Oktoba 1962 huku meli za Marekani zikiitupia mabomu madogo ya kuilazimisha ipande juu. Vasily Arkhipov, mmoja wa maofisa wakuu ndani yake, anaelezwa kuwa ndiye aliyekataa topido hiyo isirushwe. Sasa rudi kwenye utafiti wa miaka ya 1970 uuone ulivyopungua. Kwa hiyo katika kila utafiti andika mistari miwili: umechapishwa lini, na je, umetumia nyaraka za upande uliotishwa au za mtishaji peke yake.

Juu ya majedwali ya hesabu za michezo (game theory), ambayo wasomi hawa huyatumia kukisia hatua za adui, sitakaa sana. Anayecheza bao pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, ataielewa fikra yake upesi, kwani kila mmoja hupanga mtaji wake akikisia mwenziwe atajibu vipi. Akumbuke tu kwamba kete 64 za bao ziko wazi mbele ya wote wawili, na nyambizi haziko wazi.

Usiache pia kutafuta mifano inayokwenda kinyume. Afrika Kusini iliunda mabomu sita ikayavunja yenyewe, na Rais de Klerk akalitangaza jambo hilo Machi 1993. Nadharia inayodai kwamba hakuna mwenye silaha hizi atakayezitupa kwa hiari ina deni la kueleza hapo.

Zoezi la mwisho liko karibu na nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani walijenga Tunguu, hapa Unguja, kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya Mercury, mradi wao wa kupeleka watu angani, na kituo hicho kilikuwa kazini mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia Februari 1962. Wenye kituo walisema ni cha sayansi. Wazanzibari waliokipinga walihofu kwamba kingekifanya kisiwa kuwa shabaha katika ugomvi wa wakubwa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kilifungwa mwaka huo huo. Chukua karatasi, uigawe sehemu mbili, upande mmoja uandike alichokusudia mjenzi na upande wa pili alichokiogopa mwananchi, kisha nenda Nyaraka za Taifa, Kilimani, uombe magazeti ya wakati huo. Kila sentensi utakayoinakili iandikie siku, mwezi na mwaka wake, na jina la chama kilichokuwa kikimiliki gazeti.