Somo: Sensa ya hewa ukaa ya infraredi (MH-Z19B), soma yote kabla hujauliza

Wakuu, maswali ya hii sensa yanayokuja inboksi ni yaleyale kila siku, kwa hiyo naweka yote hapa, ukikwama nitakurudisha hukuhuku.

Kwanza hakikisha unayo sensa yenyewe. MQ-135 haikupi hewa ukaa, inashtukia moshi, pombe na amonia. CCS811 na SGP30 zinakisia tu kutokana na gesi nyingine. Ya infraredi ina taa, chemba ya kupitisha hewa na kichungi kinachoruhusu miale ya mikromita 4.26 hivi, ambayo hewa ukaa huifyonza. Hewa ukaa ikizidi, mwanga unaofika upande wa pili unapungua, ndicho kinachopimwa.

1. Waya: Vin kwenye volti 5, GND kwenye GND, Tx (ya kutuma) ya sensa kwenye RX (ya kupokea) ya bodi yako, yaani ESP32 au Arduino, na Rx kwenye TX.

2. Umeme: wastani ni chini ya miliampia 60 ila taa ikiwaka inaweza kuvuta hadi 150. Namba zikirukaruka weka kapasita ya mikrofaradi 100 karibu na pini.

3. Mawasiliano yake ni ya volti 3.3. ESP32 unga moja kwa moja. Kwa Arduino Uno punguza volti ya TX kwa rezista mbili, kilo-ohm 10 na 20.

4. Spidi 9600. Tuma FF 01 86 00 00 00 00 00 79, zitarudi baiti 9. Ya tatu zidisha kwa 256 halafu jumlisha ya nne. Mfano 02 na 58: hiyo 58 ni ya heksa (namba za msingi wa 16), yaani 88, kwa hiyo 2×256+88 = 600 ppm (sehemu kwa milioni za hewa).

5. Subiri dakika 3 ipate moto.

6. Kalibresheni, yaani kuipa sensa kipimo sahihi cha kuanzia. Hapa ndipo watu wanapoharibu, tulia usome. Sensa nyingi zinakuja na kalibresheni ya otomatiki imewashwa: kila saa 24 inachukua kipimo cha chini kabisa ilichokiona na kukiita 400, ikiamini ulifungua madirisha. Sasa wewe umeiweka kwenye banda la uyoga au chumba kisichofunguliwa, hewa haijawahi kushuka chini ya 900, yenyewe inaamini hiyo 900 ndiyo hewa safi, na siku zinavyokwenda inazidi kukudanganya huku namba zinapendeza kabisa. Mahali kama hapo izime: FF 01 79 00 00 00 00 00 86. Kisha kalibreti mwenyewe, itoe nje kivulini, iache dakika 20 ikiwa inawaka, tuma FF 01 87 00 00 00 00 00 78.

ANGALIA: ukituma hiyo amri ndani ya chumba umeshaharibu vipimo vyote, rudi nje uanze upya. Usiinamie sensa wakati unasubiri, pumzi ya mtu ina hewa ukaa kama ppm 40,000. Pini ya HD ikigusa graundi zaidi ya sekunde 7 inakalibreti palepale, kwa hiyo usiache waya unaning'inia hapo. Na usibonyeze ile chemba ya rangi ya dhahabu.

MASWALI

– Mkuu haifanyi kazi, msaada tafadhali.
Weka picha ya waya na programu yako. Bila hivyo siwezi kukusaidia.

– Yangu inaganda 400 tu, laibrari yako (kodi ya kuisoma sensa) mbovu.
Umeiwasha muda gani? Hatua ya 5. Na umeme umeuchukua wapi?

– Pini ya 3.3V ya ESP32.
Hatua ya 1. Laibrari haina kosa.

– Samahani mkuu, hewa ya nje siku hizi si imeshapita 420? Mbona tunaiambia 400?
Swali zuri sana. Ni kweli imepita, ila kosa la sensa hii kwa mujibu wa datashiti (karatasi ya maelezo ya mtengenezaji) ni ppm 50 pamoja na asilimia chache za kipimo, hiyo tofauti ya 20 na kitu inamezwa humo. Ukitaka, jumlisha 20 kwenye programu.

– Na sehemu za miinuko je, inabadilika?
Inabadilika dada, na wengi hawalijui hili. Sensa inaona wingi wa molekuli kwenye njia ya mwanga, haioni uwiano. Mita 1500 juu ya bahari hewa imepungua kama asilimia 15, kwa hiyo inasoma chini ya ukweli. Kalibreti hukohuko unakoitumia. Kama unataka usahihi zaidi tafuta SCD30 au SCD40, zile unaziambia mwinuko au kanieneo nazo zinarekebisha.

– Nyongeza wakuu: kwenye boksi msiiweke juu ya ESP32, joto linaivuruga. Toboeni matundu pande mbili hewa ipite.
Asante mdau. Na kile kitambaa cheupe cha kuzuia vumbi msikitoe.

– UART yangu (hizo pini za TX na RX) imejaa, kuna njia nyingine?
Tumia pini ya PWM, inayotoa kipimo kwa urefu wa mapigo ya umeme. Mzunguko mmoja ni milisekunde 1004. Pima muda ikiwa juu (TH) na ikiwa chini (TL), kisha ppm = 2000×(TH−2)/(TH+TL−4). Kama sensa yako ni ya hadi 5000, badilisha hiyo 2000 uweke 5000.