Somo: Mgunga wako ni Vachellia au Senegalia? Namna ya kuutambua, na jinsi jina Acacia lilivyohamia Australia

Picha za migunga zinaletwa hapa kila mara, na majibu yanagongana. Mmoja anaandika Acacia tortilis, mwingine anamsahihisha kwamba ni Vachellia tortilis, wa tatu anasema hayo yote ya zamani. Wawili wa kwanza wanataja mti uleule. Vachellia na Senegalia ni jenasi mbili, yaani makundi ya spishi za karibu, ambazo migunga yetu imegawanywa humo. Naandika somo hili ili kila mwenye tawi mkononi aweze kulipa jina mwenyewe, na ajue jina hilo limetoka wapi. Migunga imebeba mifugo, asali, kuni na kivuli cha nyika yetu yote. Haifai tuitaje kwa kubahatisha.

Andaa tawi lenye urefu wa mkono mmoja, si kipande cha kidole. Chukua kioo cha kukuzia, mkasi wa kupogolea na glovu ngumu. Maua na maganda yakipatikana ni bora zaidi, lakini ukikosa vyote viwili bado unaweza kufika mbali.

Hatua ya 1: Hakikisha uko kwenye kundi lenyewe

Jani la mgunga limegawanyika mara mbili: kikonyo kikuu kinatoa vikonyo vidogo, na kila kikonyo kidogo kina safu mbili za vijani. Miti mingi ya jamii ya kunde ina jani la namna hiyo, kwa hiyo usiishie hapo. Fungua ua moja dogo (kumbuka kwamba ule mpira wa njano si ua moja, ni maua mengi yaliyosongamana) na utazame stameni, yaani nyuzi za kiume zenye chavua. Kwa mgunga ni nyingi mno, na kila moja imesimama peke yake. Kwa mkenge na ndugu zake wa jenasi Albizia, stameni zimeungana chini zikawa mrija.

Anayewachanganya wengi ni mkulajembe, Dichrostachys cinerea. Ua lake lina rangi mbili, nusu zambarau au waridi na nusu njano, na mwiba wake ni ncha ya kijitawi. Mara nyingi utaona majani yameota juu ya mwiba wenyewe. Mwiba wa mgunga hauoti majani.

Hatua ya 2: Soma miiba

Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo usiwe na haraka.

Mimea mingi ya jamii ya kunde ina stipuli, yaani vijani viwili vidogo vinavyokaa kushoto na kulia mwa kitako cha jani. Katika Vachellia stipuli hizo zimegeuka kuwa miiba. Ndiyo maana miiba ya Vachellia ni miwili miwili daima, kwenye kifundo tu, mmoja kila upande wa jani. Mara nyingi imenyooka, mirefu, meupe kama mfupa.

Katika Senegalia, stipuli ni laini na hupukutika mapema. Miiba yake inatoka kwenye gamba la tawi, mara nyingi ni mifupi, myeusi au ya kahawia, na imepinda. Kikwata kinachoitwa Senegalia mellifera kina miiba miwili iliyopinda kwenye kila kifundo. Senegalia senegal, mti wa gundi, ina mitatu: miwili ya pembeni inaelekea juu, na wa katikati unapinda kuelekea chini. Senegalia brevispica haina mpangilio. Miiba imetawanyika katika pingili nzima, yaani sehemu ya tawi iliyo kati ya kifundo na kifundo. Basi ukiona mwiba katikati ya pingili, mbali na kifundo, Vachellia iondoe kabisa.

Sasa angalia mtego. Vachellia tortilis, mgunga wenye kichwa bapa unaoonekana kwenye picha nyingi za Serengeti, una miiba ya aina mbili katika mti mmoja: mirefu myeupe iliyonyooka, na mifupi iliyopinda. Aliyekata kijitawi kimoja chenye mifupi tu ataapa kwamba ni Senegalia. Ndiyo sababu nikasema tawi lenye urefu wa mkono. Tafuta mpaka uone kama mirefu ipo.

Hatua ya 3: Maua

Vachellia nyingi zina maua ya mviringo kama mpira, na ukitazama kikonyo cha mpira huo kwa kioo utakuta pete ndogo ya vijani vikavu. Senegalia nyingi zina maua marefu yenye umbo la mkia. Nimesema nyingi. Senegalia brevispica ina mipira, licha ya miiba yake kutawanyika. Maua yakipingana na miiba, fuata miiba.

Hatua ya 4: Maganda

Usitumie maganda kuamua jenasi. Yatumie kuamua spishi. Maganda yaliyojisokota ni ya V. tortilis, na ndicho neno tortilis linachosema. Maganda ya V. nilotica yamebanwa kati ya mbegu na mbegu kama shanga zilizotungwa, hasa ile aina ya bonde la Nile.

Hatua ya 5: Soma jina lenyewe

Jina kamili la mti wetu linaandikwa hivi: Vachellia tortilis (Forssk.) Galasso & Banfi. Wengi wanaruka majina ya watu yaliyo mwishoni, na humo ndimo historia ilimohifadhiwa. Aliye ndani ya mabano ndiye aliyeupa mti neno tortilis kwa mara ya kwanza. Huyo ni Peter Forsskål, aliyesafiri na msafara wa Wadenmark hadi Yemen na kufia huko mwaka 1763. Maandishi yake yalitolewa na mwenzake wa safari, Carsten Niebuhr, mwaka 1775, na mti ukaitwa Mimosa tortilis. Walio nje ya mabano ndio waliouhamishia kwenye jenasi uliyomo sasa, na walifanya hivyo mwaka 2008. Kati ya hapo, kwa zaidi ya karne moja na nusu, uliitwa Acacia tortilis.

Jina lilivyosafiri

Acacia ni neno la kale. Dioscorides, tabibu wa Kigiriki wa karne ya kwanza, alilitumia kwa mti wa miiba wa Misri uliotoa dawa. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753 aliitia miti hii kwenye jenasi Mimosa. Mwaka uliofuata, 1754, Philip Miller wa Uingereza akaitenga kwa jina Acacia. Baadaye wataalamu walipochagua spishi ya kuwa kielelezo cha jina hilo, walichagua mgunga wa Nile, ambao wengi wenu mliusoma kama Acacia nilotica. Kwa hiyo jina hili lilizaliwa Afrika, juu ya mti wa Afrika.

Kisha jenasi ikavimba. George Bentham, katika karne ya 19, aliweka humo kila mti wa kundi hili wenye stameni nyingi zisizoungana, na Australia ikaleta spishi zake kwa mamia. Zikafika zaidi ya 1,300 dunia nzima, na karibu 1,000 kati yake ni za Australia. Mwaka 1986 Les Pedley, mtaalamu wa Queensland, alipendekeza zigawanywe mara tatu: Acacia, Senegalia na Racosperma, hii ya mwisho ikiwa ya Australia. Wengi walikataa. Uchunguzi wa vinasaba ulipokuja ukaonyesha kwamba mgawanyo haukwepeki, kwa sababu makundi haya si ndugu wa tumbo moja. Senegalia na Vachellia ziko mbali kuliko zinavyofanana kwa macho.

Swali likabaki moja: nani abaki na jina? Kanuni ya kawaida inasema jina hufuata kielelezo chake, kwa hiyo lingebaki kwa mgunga wa Nile. Mwaka 2003 Tony Orchard na Bruce Maslin, wataalamu wa Australia, waliomba kielelezo kibadilishwe, kiwe Acacia penninervis ya Australia, ili spishi zile 1,000 zisibadilishwe majina. Kwenye kongamano la mimea la Vienna mwaka 2005, takribani asilimia 55 ya kura zilikataa pendekezo hilo. Lakini kamati ilikuwa imeshalikubali, na kulitengua kulihitaji asilimia 60, kwa hiyo likapita. Melbourne, mwaka 2011, uamuzi ukathibitishwa.

Naona uamuzi ule haukuwa wa haki, na nasema hivyo bila kuficha. Wengi wa waliopiga kura walikataa, na bara lenye kielelezo cha asili likapoteza jina lake. Hata hivyo hoja ya upande wa pili ina uzito: kubadilisha majina 1,000 ni mzigo mkubwa kuliko kubadilisha mamia machache. Na kuna jambo ambalo wanaolalamika husahau. Hata kama Afrika ingeshinda kura, vikwata na Senegalia nyingine zote vingeondoka Acacia vilevile. Mgawanyo wa Senegalia haukutegemea kura ya Vienna. Kilichopotea kwa kura ile ni jina la kundi moja tu, lile ambalo leo ni Vachellia.

Majina mapya yenyewe si mapya. Vachellia ilitolewa na Wight na Arnott mwaka 1834, kwa heshima ya George Harvey Vachell, kasisi Mwingereza aliyekusanya mimea kusini mwa China. Hakuwa na uhusiano wowote na nyika yetu. Senegalia ni ya Rafinesque, mwaka 1838, kutokana na nchi ya Senegal. Yalikaa miaka mingi bila kutumika, yakafufuliwa. Mwaka 2013 Bruce Kyalangalilwa na wenzake walipanga upya migunga ya Afrika na kuhamisha spishi zilizokuwa zimebaki.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Dodoma: Mwalimu, shikamoo. Nina mti shambani wenye miiba miwili iliyonyooka, lakini maua yake ni marefu kama mkia. Tena unapukutisha majani wakati wa masika na kuchipua kiangazi. Niuweke wapi?

Marahaba. Kote nilikokutaja hautoshei, na umeona vizuri. Huo ni Faidherbia albida, peke yake katika jenasi yake. Auguste Chevalier aliitenga mwaka 1934 na kuipa jina la Louis Faidherbe, gavana Mfaransa wa Senegal. Fungua ua: stameni zimeungana kidogo chini. Maganda yake ni ya rangi ya chungwa, yamejikunja, na mbuzi wanayagombania. Usiukate. Kwa kuwa hauna majani wakati wa mvua, mahindi yaliyo chini yake yanapata jua, na majani yanayoanguka yanarutubisha udongo.

Mwanachama wa Muscat: Huku Oman tuna asali ya samr, ghali sana. Wazee waliotoka Unguja wanasema samr ndio mgunga. Ni kweli?

Kweli kabisa. Samr ni Vachellia tortilis, uleule ambao Forsskål aliukuta Uarabuni. Usiuchanganye na sidr, ambao asali yake pia ni maarufu. Huo ni mkunazi, si wa jamii ya kunde.

Mwanachama wa Njombe: Na miwati yetu? Nayo imebadilishwa jina?

Hapana. Muwati ulitoka Australia, ukaletwa kwa ajili ya maganda ya shina yanayotumika kusindika ngozi. Bado ni Acacia mearnsii. Hauna miiba kabisa, kwa hiyo hatua ya 2 hutaihitaji. Kwa jina la sasa, mti mgeni wa Njombe ni Acacia na mgunga wa Ruaha siyo. Mtakapofundisha watoto shuleni waelezeni sababu, maana watauliza.

Mwanachama wa Laikipia: Kwetu kuna mgunga mfupi wa udongo mweusi, miiba yake ina manundu yamejaa sisimizi. Ni sisimizi wanaotengeneza hayo manundu?

Ni Vachellia drepanolobium. Manundu unayatengeneza mti wenyewe, hata pasipo sisimizi. Ni stipuli zilizovimba kwenye kitako. Sisimizi wanatoboa na kuhamia ndani, na upepo ukipita kwenye matundu hayo mti unapiga mluzi. Huko kwenu wanaishi spishi nne, zinagombania miti, na kwa kawaida mti mmoja unamilikiwa na spishi moja. Mmoja wao, Crematogaster nigriceps, anatafuna machipukizi ya pembeni, kwa hiyo hata umbo la mti linaweza kukuambia nani anaishi humo.

Mwanafunzi, Morogoro: Sampuli za zamani za hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) zimeandikwa Acacia nilotica. Kwenye tasnifu nifuate lebo au jina jipya? Na je, nibadilishe lebo?

Andika Vachellia nilotica, na mara ya kwanza tu uongeze kwamba zamani iliitwa Acacia nilotica, ili anayetafuta kwa jina la kale akufikie. Lebo ya zamani usiifute wala kuibandua. Bandika kijikaratasi kipya pembeni chenye jina la sasa, jina lako na tarehe. Lebo ile ni ushahidi wa aliyekusanya, mahali na siku.

Mwanachama wa Mombasa: Nimefuata hatua zote, nimebaki njia panda. Maua ni mipira, miiba imepinda. Picha ya ua nimeiweka hapa.

Picha ya ua haitoshi. Piga nyingine ya pingili kati ya vifundo viwili, karibu kabisa, kwenye mwanga wa asubuhi. Miiba ikiwa imetawanyika katikati, huenda ni Senegalia brevispica. Ikiwa iko kwenye vifundo tu, miwili miwili, tafuta miiba mirefu myeupe kwenye matawi mengine kabla hujaandika jina.