Korosho ya kanga kwa nukta nne: kuchora vekta kwenye tableti

Kanga ya bibi niliitandika juu ya jamvi, ukumbini kwetu Kibokoni, dirisha wazi ila jua halijaingia. Nikapanda kiti nikaipiga picha kutoka juu, niichore upya kwenye tableti kwa ajili ya mpiga chapa. Ukiipiga ukiwa umesimama pembeni, pindo la mbele litatoka nene na la nyuma jembamba, na hapo utakuwa unanakili kosa.

Kabla ya kalamu, mkono. Joto la Mombasa wajua lilivyo, hasa wakati wa kaskazi. Kiganja kikilowa jasho kioo kinanata, mstari unakwama katikati. Mimi nilikata soksi kuukuu, nikaacha vidole vitatu nje. Inachekesha lakini inafanya kazi.

Fungua programu yoyote ya vekta. Iwe Illustrator, iwe Affinity Designer, mambo ni yale yale. Kanga ina upana wa kama sentimita 150 kwa 110. Si lazima ukurasa uwe mkubwa hivyo: tengeneza wa 15 kwa 11, kwa sababu vekta si picha ya vijumba vya pikseli, ni hesabu za mistari, na ukiikuza mara kumi haipasuki. Weka picha kwenye tabaka la chini (matabaka ni kama karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine), ipunguze ukolezi hadi asilimia 30, kisha ulifunge tabaka hilo. Mimi nilisahau kulifunga, nikaburura kanga nzima badala ya ua moja.

Sasa korosho, lile umbo la tone lenye mkia uliopinda, na hapa usiwe na haraka. Mkono uliozoea penseli unataka kuufuata ukingo wote kwa mstari mmoja. Nilifanya hivyo, nikapata umbo lenye nukta zaidi ya arobaini, limejaa vibonge kama chapati ya mwanafunzi. Futa. Chukua kifaa cha kalamu, uweke nukta nne tu: moja kwenye ncha, moja pale tumbo linapofika mwisho kushoto, moja chini kabisa, moja mwisho wa kulia. Kila unapogusa, buruta kidogo bila kuinua kalamu. Vishikio viwili, vya kuupindia mstari, vitatoka kama masharubu ya kambakochi. Vya kushoto na kulia vielekee juu na chini, wima. Vya chini vilale. Ncha peke yake igeuze iwe kona, kila kishikio kiende upande wake, ndipo korosho inapopata ule mkia wa kujikunja. Haijakaa sawa? Usiongeze nukta. Refusha au fupisha kishikio. Korosho yangu ya kwanza iliyonyooka ilinichukua karibu saa nzima. Ya pili, dakika tano.

Pindo usilichore lote. Chora robo, nakili, geuza kulia, kisha chini. Ila jina, yale maneno ya kanga, liache nje ya mchezo huo! Nilichagua vyote nikageuza, shangazi akaishika tableti, akatazama weee, akaniuliza: “Mwanangu, hii tusome kwa kioo?” Jina liandike mwisho, kwenye tabaka lake. Ukimaliza, geuza herufi zake ziwe maumbo, maana kompyuta ya mpiga chapa huenda haina aina hiyo ya herufi na itakuwekea nyingine ya ovyo.

Mistari nayo ina hila. Ukikuza mchoro mara kumi, baadhi ya programu huacha unene wa mstari vile vile, na mpaka mzito wa pindo unageuka uzi. Washa mpangilio wa kukuza mistari pamoja na umbo, au igeuze mistari yote kuwa maumbo kabla ya kutuma.

Rangi ni chache. Uchapaji wa skrini, yaani wavu wa kupitishia rangi hadi kwenye kitambaa, unahitaji skrini moja kwa kila rangi, kwa hiyo kila rangi ipe tabaka lake, na mivuko ya rangi inayofifia iachie mabango. Hifadhi PDF ya kutuma, na faili la programu libaki kwako la kurekebishia.

Mpiga chapa aliniuliza rangi ngapi, nikamjibu tatu: nyekundu, nyeusi, nyeupe. Akacheka. Nyeupe haihesabiwi, ndicho kitambaa chenyewe. Nikaenda kufuta tabaka moja.